IST namba D: mguu wa chasisi umechomelewa, taa ya eabegi haiwaki, linavuta kushoto. Nianzie wapi?

Mwendo_Pole

Wakuu, salaam. Naomba msaada wa wanaojua bodi na chasisi, na mwanasheria kama yupo humu.

Gari ni Toyota IST, NCP60, injini 2NZ, namba D. Limenunuliwa wiki tatu zilizopita hapa Dar kwa mtu binafsi kupitia dalali, milioni 11.8. Ujumbe wa WhatsApp wa muuzaji unasema "rangi ya kiwandani, halijawahi kugonga". Mkataba umeandikwa kwa wakili. Umiliki TRA bado haujahamishwa.

Dalili: kwenye 60 ukilegeza mikono linavuta kushoto. Tairi ya mbele kushoto inalika ukingo wa ndani. Ukifika 80 mlango wa mbele kushoto unapiga mluzi, na kapeti la upande huo linalowa. Taa ya eabegi haiwaki kabisa, hata unapofungua swichi. Jana bampa limefunguliwa: fenda ya kushoto ina puti, na mguu wa chasisi wa kushoto una mstari wa kuchomelea uliosagwa kwa grinda na kupakwa rangi nyeusi.

Nataka kujua mambo matatu. Pigo liliishia mbele au limefika kwenye bodi? Gari liendelee kutembea? Na linarudishika?

Nyundo_na_Msasa

Pole mkuu. Tenga kwanza vitu viwili. Fenda ya IST imefungwa kwa bolti. Puti pale inaweza kuwa ya bodaboda aliyekwaruza kwenye foleni ya Ubungo, na kwa hilo tu hakuna kesi. Mguu wa chasisi ni habari nyingine kabisa: ndio unaoshika injini, na ndio uliotengenezwa ujikunje ili pigo lisifike kwenye magoti ya waliokaa mbele. Fuata chuma kilichochomelewa, rangi baadaye.

Hata hivyo rangi itakuonyesha pigo lilipita wapi. Azima kipima unene wa rangi, anza na paa kwa sababu paa huguswa mara chache. Rangi ya kiwandani kwa gari la Japani huwa kati ya maikroni 90 na 150. Ukisoma 200 hadi 350, hapo pamepigwa rangi upya. Ukivuka 500 kuna puti chini, na ikipita 1,000 ni puti ya kupakwa kwa mwiko. Pima sehemu tano kila paneli, pembe nne na katikati, halafu nguzo ya mbele ya mlango juu mpaka chini. Nguzo ndiyo muhimu kuliko fenda, maana haina bolti; ikiwa na puti basi pigo lilipita mbele likaingia kwenye bodi. Huna kipima, chukua sumaku ya friji, ifunge kwa tishu, iburuze taratibu: penye puti nene haishiki. Bampa ni la plastiki, usihangaike nalo.

Halafu fungua boneti. Kichwa cha bolti ya kiwandani kina rangi ya gari na rangi hiyo inaendelea mpaka kwenye chuma bila kukatika. Ikiwa kona zimechubuliwa na spana, au washa imehama ikaacha duara tupu, kitu kimefunguliwa. Angalia bolti za fenda, bawaba za boneti na fremu ya rejeta. Mishono ya kiwandani ina vidoti vya mviringo vya milimita 5 au 6, vimepangwa kwa umbali unaofanana kama mshono wa cherehani. Pale kidoti kimegeuka kuwa uvimbe uliosagwa, au vidoti vimepotea na gundi ya mishono imepakwa kwa kidole, paneli hiyo imekatwa na kurudishwa. Linganisha kushoto na kulia. Upande wa kulia ndio kitabu chako.

Kipimo cha mwisho ni cha futi kamba au, bora, fimbo mbili za alumini zinazoteleza. Toka bolti ya nyuma ya kiti cha shokapu (pale shokapu inaposhikwa juu) kulia mpaka tundu la fremu ya rejeta kushoto, kisha kinyume chake. Tofauti ya milimita 3 ni ya kawaida. Ikifika 5 shuku, na kwa 10 hakuna ubishi. Chini ya gari pima pia umbali wa ekseli kila upande, kati ya vitovu vya magurudumu. IST ya NCP60 ni milimita 2,370 pande zote mbili, usukani ukiwa umenyooka.

Kuhusu maji, tahadhari kabla hujamlaumu mtu. Kwenye gari la usukani wa kulia, kipozeo cha AC kinakaa kushoto nyuma ya boksi la glavu. Bomba la kutoa maji likiziba, kapeti la abiria linalowa bila ajali yoyote. Kama kapeti linalowa siku ya jua AC ikiwa imewashwa na maji ni safi, zibua bomba. Kama linalowa siku ya mvua au baada ya kuoshwa tu, mwage maji kwa mpira kuanzia chini ya mlango ukipanda polepole, mtu akiwa ndani na tochi. Mluzi nao una kipimo chake cha bure: bana noti kwenye raba ya mlango, funga, vuta. Inapotoka bila kukaza ndipo mlango haukai. Kisha angalia bolti za bawaba. Zikiwa zimesogezwa, fundi alikuwa anafuata nguzo iliyohama.

Kishoka_wa_Ilala

Mnamchosha. Piga alaimenti, weka balbu ya eabegi, safisha, tafuta dalali mwingine, uza. Ndivyo lilivyokufikia.

Waya_Njano

@Kishoka, "weka balbu" ndiyo ushauri unaoua watu. Nijibu hiyo ya taa.

Ukifungua swichi kwenye ON bila kuwasha injini, taa ya eabegi kwenye Toyota inatakiwa iwake kama sekunde 6, kisha izime yenyewe. Isipowaka kabisa, balbu imetolewa, waya umekatwa au imebandikwa utepe mweusi nyuma ya dashibodi. Kuna ujanja mwingine ambao wengi hawaugundui: taa huunganishwa na taa ya oili au ya chaji. Inawaka vizuri na inazima vizuri, lakini inazima pale injini inapowaka, pamoja na mwenzake. Ndiyo maana kipimo kinafanywa injini ikiwa imezimwa, ukihesabu. Ikibaki imewaka mpaka uwashe injini, imefungwa kwa jirani.

Ujanja wa tatu ni rezista. Kompyuta ya eabegi hupima ukinzani wa kiwashio, ambao ni kama omu 2 hivi. Eabegi ikishalipuka, mtu huchomeka rezista ya omu 2 kwenye soketi ya njano, kompyuta inaridhika, taa inazima kwa wakati wake. Mashine ya kupima haitaona kosa. Hapo unategemea macho: kifuniko cha usukani chenye rangi au nafaka tofauti na usukani wenyewe, dashibodi upande wa abiria yenye mshono uliojazwa gundi au iliyopakwa rangi ya dawa.

Mikanda inasema zaidi kuliko dashibodi. Vuta mkanda wote mpaka mwisho. Kwenye mizizi yake kuna lebo yenye tarehe ya kutengenezwa. Kushoto na kulia zinatakiwa zikaribiane, na zitangulie mwaka wa gari kwa miezi tu. Mkanda wenye kikaza cha baruti ukishalipuka hukwama au haurudi ndani vizuri. Mkanda uliokuwa umevaliwa wakati wa pigo kubwa huwa na mng'ao wa kuungua pale unapopita kwenye pete.

Mambo ya kutofanya: usipime eabegi yenyewe kwa multimita, mkondo wake mdogo unaweza kutosha kuilipua. Kabla ya kugusa soketi yoyote ya njano, toa terminali hasi ya betri na usubiri angalau sekunde 90, maana kompyuta ina akiba ya umeme. Usinunue eabegi ya mtumba ambayo huijui ilitoka wapi. Na kama eabegi zilishalipuka, kompyuta yake iliyo chini ya konsoli ya katikati, mbele ya giaboksi, inabadilishwa pia pamoja na sensa za mbele zilizo kwenye miguu ya chasisi. Angalia ile ya kushoto kwako. Nina wasiwasi ilichomewa karibu yake.

Mwendo_Pole

Asanteni. Vipimo vya leo. Rangi: paa 110, fenda kushoto 900, nguzo ya mbele kushoto 120 hadi 135, mlango kushoto 280. Maji yanaingia kwa mpira, kona ya juu mbele ya mlango. Bolti za bawaba za mlango zimechubuka. Umbali wa ekseli kulia 2,370, kushoto 2,359. Tairi za mbele zimebadilishwa pande, bado linavuta kushoto.

Karatasi ya alaimenti:
Kemba (tairi kulala ndani au nje, ukitazama kwa mbele): kushoto −1°50', kulia −0°25'
Kasta (mhimili wa usukani kulala mbele au nyuma, ukitazama ubavuni): kushoto 1°10', kulia 2°20'
SAI (mhimili huohuo kulala kuelekea injini, ukitazama kwa mbele): kushoto 10°55', kulia 9°35'
Nyuma iko sawa. Fundi anasema atarekebisha kwa tairodi.

Pembe_Tatu

Mwambie aache. Tairodi inarekebisha mwelekeo wa tairi tu, kwamba zimefungana au zimetawanyika. Kasta na kemba za gari hili hazina nati ya kurekebishia kutoka kiwandani, na SAI hairekebishwi popote. Atakachofanya ni kunyoosha usukani huku tairi ikiendelea kuliwa.

Vizuri umebadilisha tairi pande kwanza. Barabara zetu zimeinamia kushoto ili maji yatoke, kwa hiyo kuvuta kidogo sana kushoto ni kawaida. Lakini kasta yako inasema zaidi ya barabara.

Soma hivi. Gari huvuta upande wenye kasta ndogo. Kushoto kwako kasta ni pungufu kwa 1°10'. Kuna uwezekano mkubwa gurudumu limerudi nyuma kule chini, na futi kamba imekwambia vivyo hivyo: milimita 11. Kutoka boljointi (kiungo cha chini kinachoshika kitovu cha gurudumu) mpaka juu ya shokapu chukulia milimita 600. Boljointi ikirudi nyuma milimita 11, kasta hupungua kama nyuzi moja. Vipimo viwili tofauti vimesema kitu kimoja, basi amini.

Kemba ni kisa kingine. Toyota nyingi zinaruhusu tofauti ya dakika 45 kati ya kushoto na kulia. Yako ni 1°25'. Swali ni nini kimepinda. Jumlisha kemba na SAI kila upande. Kushoto 10°55' toa 1°50' ni 9°05'. Kulia 9°35' toa 0°25' ni 9°10'. Zinalingana. Maana yake shokapu na kitovu havijapinda, usinunue shokapu mpya. Jumla ingetofautiana, ndipo ungetafuta shokapu au kitovu kilichopinda. Jumla ikilingana huku SAI zikitofautiana, kilichohama ni mahali vinaposhikiliwa: kiti cha shokapu kimeinama kuelekea injini, au krosimemba (fremu ya chini inayoshika mikono ya magurudumu) imesogea kando. Krosimemba ikisogea kwenda kushoto, kulia nako kungeharibika kwa upande wa pili, kemba ikawa chanya. Kulia kwako kuko salama. Kwa hiyo ninaweka kidole kwenye kiti cha shokapu cha kushoto, kimeingia ndani kama milimita 14. Pima kati ya bolti za viti viwili vya shokapu, utaiona.

Jibu la swali lako la kwanza basi: pigo halikuishia kwenye fenda. Limesukuma chini ya gurudumu kurudi nyuma na limeinamisha kiti cha shokapu. Lakini nguzo ya mlango ina rangi ya kiwandani, na hiyo ni habari njema. Mlango wenyewe ulifunguliwa ukapigwa rangi, na kona inayovuja yawezekana ni mlango uliofungwa vibaya tu. Urudishe mlango vizuri kwenye bawaba na upime mianya tena kabla hujahukumu nguzo.

Hati_na_Sahihi

Nikiongelea sheria za Tanzania Bara, kwa ufupi, na wakili wako atazamie mkataba wenyewe.

Usirekebishe chochote kabla ya ushahidi. Picha za kila kitu kwa tarehe, karatasi ya alaimenti, ripoti ya maandishi ya gereji yenye muhuri na namba ya chasisi, tangazo, na mazungumzo yote ya WhatsApp yakiwa kwenye simu. Kupiga picha skrini peke yake hakutoshi, usifute mazungumzo.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, ina sharti la ubora lisiloandikwa kwenye mkataba, ila linamhusu muuzaji anayefanya biashara ya bidhaa za aina hiyo. Kwa mtu binafsi anayeuza gari lake moja, njia hiyo ni nyembamba. Tena ukishakagua, huwezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuionyesha. Njia yako yenye nguvu ni Sheria ya Mikataba, Sura ya 345: kifungu cha 17 kuhusu udanganyifu, cha 18 kuhusu maelezo yasiyo ya kweli, na cha 19 kinachokupa haki ya kuvunja mkataba. Kukaa kimya tu kwa muuzaji kwa kawaida si udanganyifu. Ila yeye hakukaa kimya, aliandika "halijawahi kugonga". Hayo maneno mawili ndiyo kesi yako.

Atajitetea kwamba ungeweza kugundua kwa uangalifu wa kawaida. Ndiyo maana ile rangi nyeusi juu ya kuchomelea na ile taa iliyozimwa ni muhimu: zinaonyesha kitu kilifichwa. Mwambie fundi aandike hilo wazi kwenye ripoti, kwamba palisagwa na kupakwa, na kwamba bila kufungua bampa hapaonekani.

Andika barua ya madai, ukitaja siku 14 na unachotaka: kurudisha gari na kupewa fedha, au kupunguziwa bei kwa gharama ya matengenezo. Peleka kwa muuzaji, nakala kwa dalali, upate sahihi ya kupokea. Kabla hajajibu, usilitumie kwa biashara na usihamishe umiliki bila kuongea na wakili. Kujipatia mali kwa udanganyifu ni kosa pia chini ya kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, lakini polisi si mahali pa kukusanyia deni. Wakili ndiye apime kama kuna haja.

@Kishoka, akiliuza leo kwa maneno yaleyale aliyoambiwa, hasara yake inahamia kwa mwingine na kifungu cha 17 kinahamia kwake. Safari hii akijua.

Mnada_Yokohama

Nyongeza ndogo. Chukua namba ya chasisi kwenye ukuta kati ya injini na dashibodi, itaanza NCP60, utafute karatasi ya mnada wa Japani. Daraja R au RA maana yake lilitengenezwa baada ya ajali. Lakini wakaguzi wa kule hutoa R kwa miguu ya chasisi, nguzo, sakafu, krosimemba na vitu vya aina hiyo. Fenda, boneti na mlango vikibadilishwa, gari linabaki na 3.5 au 4 yake. Utaona XX tu kwenye mchoro, maana yake imebadilishwa, na W ni palipotengenezwa kwa puti na rangi. Karatasi ikiwa safi haimsafishi muuzaji. Inakwambia gari lilikuwa zima likiondoka Japani, basi ajali ni ya hapa nyumbani. Kwenye madai hiyo inasaidia zaidi.

Nyundo_na_Msasa

Nimerudi kwa swali la gari kutembea. Mpaka ule mshono ukaguliwe, hapana Morogoro wala Tanga. Mjini polepole kwenda gereji, basi.

Kuukagua: ondoa rangi nyeusi kwa brashi ya waya, usitumie grinda tena. Mshono uliokatisha mguu katikati, chuma kwa chuma, sehemu isiyo na kiungo cha kiwandani, ni kazi mbaya. Bati lililobandikwa juu kama kiraka ni baya zaidi: linafunika ile mikunjo ambayo kiwanda kiliiweka ili mguu ujikunje, mguu unakuwa mgumu, na pigo linalofuata linaenda moja kwa moja kwenye ukuta wa dashibodi. Sensa ya eabegi nayo inapata pigo kwa wakati usio wake. Chuma chenye rangi ya bluu au zambarau kuzunguka mshono kilipashwa kwa gesi, kimepoteza ugumu. Ingiza tochi kwenye tundu la mguu: kutu nyekundu ndani maana yake kinga ya kiwandani imeungua na hakuna nta iliyorudishwa.

Muuzaji akikataa na ukaamua kulitengeneza, utaratibu ni huu. Badilisha kwanza mkono wa chini wa kushoto na upime kasta tena. Ni bolti tu, na kama ulikuwa umepinda, sehemu ya zile milimita 11 itarudi. Isiporudi, fungua krosimemba uikague kona ya kushoto. Baada ya hapo gari lipande kwenye mashine ya kunyooshea chasisi, lifungwe chini kwenye kingo za milango pande zote mbili, kiti cha shokapu kivutwe kwa mnyororo kidogo kidogo huku kinapimwa, bila moto. Fundi anayefunga mnyororo kwenye mti au kwenye lori, mwondokee.

Mguu ukibadilishwa ukatwe kwenye kiungo chake cha kiwandani. Paneli mpya itobolewe matundu ya milimita 8 pale vidoti vilipokuwa, idadi ileile, yajazwe kwa kulehemu kwa gesi kinga, si kwa kijiti cha umeme. Praima yenye zinki ipakwe kwenye nyuso zinazokutana kabla ya kulehemu, praima ya epoksi baada yake, kisha gundi ya mishono, na mwisho nta inyunyizwe ndani kupitia matundu yaliyopo. Betri itolewe kabla ya kulehemu, na sensa ya eabegi ifunguliwe iwekwe mbali. Usilipe sehemu ya mwisho ya hela mpaka uone karatasi mpya ya alaimenti yenye SAI za kushoto na kulia zikikaribiana.